Kisiwa cha hifadhi: nani afunguliwe mlango?

IJUMAA ya leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana si la ukurasa huu. Jambo lenyewe ni hoteli za kifahari zinazojengwa katika visiwa vidogo vya Zanzibar kwa jina la kuhifadhi mazingira. Tunaamini ni la ukurasa huu, kwa sababu ndani yake mna kitoweo cha familia, maji ya visima na amana ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji (ZIPA), ilitangaza kuwa imewakodisha wawekezaji visiwa vidogo kadhaa ili wajenge hoteli za daraja la juu. Hoja ya Serikali si ya kupuuzwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na ufukwe wa Unguja hauwezi kurefushwa. Wageni wachache wanaolipa fedha nyingi ni bora kuliko wageni wengi wanaolipa kidogo na kuacha taka nyingi. Vijana wetu nao wanahitaji ajira.

Hata hivyo, liko neno moja katika matangazo ya hoteli za aina hii ambalo linatufanya tusite. Mgeni huambiwa kuwa anakwenda kwenye kisiwa kisicho na watu. Kweli, hakuna mtaa wala mji katika visiwa hivyo. Lakini wavuvi wa pwani yetu tangu enzi za mababu hupiga dago katika visiwa vya namna hiyo: hufika na ngalawa zao, hulala siku kadhaa, huanika samaki na kungoja upepo ugeuke. Maji yakitoka, watu huingia miambani kuchokoa pweza. Kisiwa kisicho na nyumba si kisiwa kisicho na wenyewe. Asiyeijua tofauti hiyo atatia saini mkataba wa miaka mingi akidhani hakumgusa mtu.

Je, ina maana kila hoteli ya kisiwani ni dhulma? Hapana. Tuangalie mfano wa karibu, nao ni Kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe. Kisiwa hicho kina mnara wa kuongozea meli uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa zamani waliosalia watunza mnara. Mwaka 1994 miamba ya matumbawe ya upande wake wa magharibi ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni binafsi. Mgeni anayelala huko hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, naye hukuta nyumba saba tu, zilizoezekwa makuti. Maji ya kuoga ni ya mvua, yanayokingwa na paa la nyumba yenyewe na kuhifadhiwa katika birika chini yake. Umeme ni wa jua. Choo hakitumii maji. Kinyesi hugeuzwa mbolea, na hakuna kinachomwagwa baharini. Hakuna kiyoyozi, hewa ni ile aliyoileta Mola.

Lakini si makuti wala birika tunalotaka msomaji alishike. Walinzi wa kwanza wa hifadhi ile walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, waliofundishwa kazi hiyo na kuifanya bila silaha. Fedha ya mgeni ndiyo inayolipia ulinzi wa miamba, na maelfu ya wanafunzi wa skuli za Zanzibar wamepelekwa huko kusoma juu ya bahari yao. Samaki wanaozaliana mahali palipofungwa hukua na kutoka nje, wakaingia katika dema la mvuvi asiyewahi kukanyaga kisiwa hicho.

Hapa ndipo tunapohitaji mizani, na mizani hiyo tunayo katika urithi wetu. Uislamu unaitambua hifadhi, nayo katika fiqhi huitwa hima: ardhi inayozuiwa matumizi ya ovyo kwa maslahi ya umma. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kusimamia hima ya malisho. Alimuusia ajihadhari na dua ya aliyedhulumiwa. Akamuamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, matajiri miongoni mwa Masahaba.

Tuizingatie sababu aliyoitoa. Alieleza kuwa matajiri wale wawili, mifugo yao ikiangamia, wana mitende na mashamba ya kurejea. Ama maskini, mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kwa kiongozi kuomba msaada, na maji na majani ni mepesi kwa kiongozi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Kisha akakiri kwa uwazi kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, kwani ile ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake.

Ndugu zetu, mtu huyu alikuwa kiongozi wa dola kubwa, wala wale wawili hawakuwa watu waovu. Ni katika waliobashiriwa Pepo. Pamoja na hayo, mlango wa hifadhi alimfungulia mnyonge kwanza. Mwelekeo wa leo unaelekea kuwa kinyume chake. Kisiwa kinafungwa kwa jina la mazingira, halafu mwenye kuruhusiwa kuingia ni yule mwenye mashamba mengine ya kurejea, na mwenye kuzuiwa ni yule ambaye bahari ndiyo shamba lake pekee. Hifadhi ya namna hiyo, hata ikiwa na umeme wa jua na makuti mapya, imeigeuza hima juu chini.

Kisiwani Pemba tuna mfano mwingine wa kuzingatiwa. Kisiwa cha Misali, ambacho wazee husema jina lake linatokana na msala, kiliwahi katika miaka ya 1990 kufikiriwa kujengwa hoteli. Wavuvi wanaokitegemea walipinga, na mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sehemu ndogo ya bahari yake ilifungwa kabisa, na sehemu kubwa ikaachwa wazi kwa uvuvi usioharibu. Baadaye masheikh na maimamu walishirikishwa kuwaeleza wavuvi mafunzo ya dini juu ya kutunza viumbe, kwa sababu amri ya Serikali peke yake haikutosha kuzuia baruti na nyavu haramu.

Jambo la pili la kupimwa ni maji. Utafiti wa taasisi ya Uingereza ya Tourism Concern, uliotolewa mwaka 2012, ulilinganisha matumizi ya maji katika vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Familia ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa watu ni washirika katika maji, basi ni ushirika gani huu ambao mama anaamka alfajiri na ndoo, na jirani yake ana bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini? Hoteli ya kisiwani inayokinga mvua yake yenyewe inastahiki kusifiwa. Inayovuta maji kutoka kijiji cha ng'ambo, au inayochuja chumvi ya bahari na kurudisha maji ya chumvi kali juu ya matumbawe, haistahiki jina la rafiki wa mazingira. Matumbawe hayo tayari yana mtihani wao: joto la bahari la mwaka 1998, kisha la 2016, lilipausha miamba mingi ya Bahari ya Hindi.

Basi nini kifanyike? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Nafasi hiyo tusiiache kwa uvivu, kisha tukalalamika barazani. Sheha akiita mkutano, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, twendeni tukaulize kwa adabu. Wavuvi wanaopiga dago watakwenda wapi, na njia yao ya kufika ufukweni imeandikwa katika mkataba? Maji yatatoka wapi na taka zitakwenda wapi? Katika kila kazi kumi, ngapi ni za vijana wa hapa, na ni kazi gani? Watoto wa skuli wataruhusiwa kuingia? Muda wa mkataba ukimalizika, kisiwa kitarejeshwa katika hali gani?

Na sisi wenyewe tusijivue lawama. Anayevua kwa baruti, anayetupa mifuko baharini na anayekata mikoko bila kupanda ndiye anayempa mwekezaji hoja ya kusema kuwa wenyeji hawawezi kuaminiwa na kisiwa chao. Mwenye kudai amana hana budi kuonekana kuwa ni mwaminifu.

Ardhi ya Zanzibar kwa sheria ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na dhamana ni neno zito duniani na Akhera. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uoni wa Umar wa kumtazama kwanza mwenye kondoo wachache, na atujaalie sisi kuirithisha bahari hii ikiwa hai. Amin.