Kikulacho ki Ukutani: Mein Swichi Kuukuu ni Suala la Afya

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sisi tulio katika taaluma za afya tumeupokea kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na katika mazingira yetu waathirika wakuu ni mama anayechochea moto na mtoto aliyebebwa mgongoni mwake. Kwa hiyo tunawahimiza wananchi kuachana na kuni na mkaa, na kwa wanaoishi mijini mara nyingi tunawaelekeza kwenye umeme.

Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Tukimwambia mama apikie umeme, hatuna budi kuuliza umeme huo unapita wapi kabla ya kumfikia. Katika nyumba nyingi kongwe za Magomeni, Ilala, Temeke, au Ngamiani kule Tanga, unapita katika kisanduku kimoja kilichopigiliwa ukutani karibu na mlango, ambacho mafundi hukiita mein swichi. Kiliwekwa wakati nyumba ilikuwa na taa chache, redio na pengine pasi moja. Leo nyumba hiyo hiyo ya vyumba sita imepangishwa kwa familia nne au tano, zote zikitumia mita moja ya LUKU, na kila familia ina jokofu, runinga, birika na feni yake. Mita imebadilishwa na wapangaji wamebadilika, lakini kisanduku na nyaya zilizofichwa ndani ya kuta ni vile vile.

Hoja yangu ni kwamba kubadilisha mein swichi ya nyumba kongwe ni kinga ya afya kama kilivyo chandarua, na sekta ya afya haina haki ya kuliachia fundi na mwenye nyumba peke yao.

Watu wengi huamini kwamba fyuzi ipo ili kumwokoa mtu asiuawe na umeme. Sivyo. Fyuzi huulinda waya usiungue. Umeme wetu wa majumbani una nguvu ya volti 230. Mtu mwenye mikono iliyolowa, aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji, mwili wake unaweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000 tu. Akigusa waya ulio uchi, mkondo utakaompitia ni kama ampea 0.23, yaani milliampea 230. Fyuzi ya ampea 30 haiuhisi mkondo huo hata kidogo, kwa kuwa ni chini ya sehemu moja ya mia ya kiwango chake. Itaendelea kupitisha umeme kwa utulivu mpaka mtu huyo afe, na hata baada ya kufa kwake.

Mwili hauna ustahimilivu wa fyuzi. Mkondo wa takriban milliampea 10 unatosha kuikaza misuli ya kiganja kiasi kwamba mtu hushindwa kuachia alichokishika. Hiyo ndiyo maana ya maneno tunayoyasikia mara kwa mara kwamba umeme “ulimnasa”. Mkondo ukiongezeka, misuli ya kifua nayo hukaza na pumzi hukwama. Ukizidi milliampea 50 na kudumu kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuingia katika mpapatiko: unatetemeka bila kusukuma damu. Anayenusurika hupitia njia ndefu. Jeraha la umeme hudanganya macho, kwani juu ya ngozi huonekana alama ndogo tu, ilhali misuli ya ndani imeungua. Protini za misuli iliyokufa huingia katika damu na kuziba figo, mkojo ukabadilika rangi na kuwa mweusi kama chai ya rangi. Wapo wanaopoteza mkono na wapo wanaopoteza figo. Gharama ya matibabu hayo, kwa mgonjwa na kwa hospitali, haina ulinganifu na bei ya kisanduku cha ukutani.

Kifaa kinachomlinda mtu, tofauti na fyuzi inayoulinda waya, kipo, na mafundi hukitambua kwa herufi RCD. Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Vikilingana, hakuna umeme unaovuja. Vikitofautiana, maana yake sehemu ya umeme inavuja mahali pasipostahili, pengine kupitia mwili wa mtu. Kifaa cha kiwango cha milliampea 30 hukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujavurugika. Si uvumbuzi wa jana, wala si wa Ulaya pekee. Mhandisi Henri Rubin aliviendeleza vifaa vya namna hii Afrika Kusini katika miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya migodi ya dhahabu, kisha kwa ajili ya nyumba za watu. Huko Marekani, Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyechunguza kwa miaka mingi athari za mkondo wa umeme katika mwili, alibuni kifaa chake mwaka 1961. Afrika Kusini ilikifanya cha lazima katika makazi mwaka 1974. Nusu karne imepita tangu hapo, na zipo nyumba katika miji yetu ambazo hazijawahi kuwa nacho.

Hatari ya pili ni moto. Hebu tufanye hesabu ndogo ya jioni moja. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na kifaa cha kuchemshia maji ya kuoga cha wati 5,500 vikiwaka kwa pamoja, vinavuta zaidi ya ampea 42. Fyuzi kuu ya ampea 30 inaweza kukatika, na hiyo ndiyo kazi yake. Hapo ndipo desturi mbaya inapoingia: mtu anachukua kipande cha waya mnene wa shaba na kukifunga mahali pa fyuzi ili “isisumbue tena”. Kuanzia saa hiyo hakuna kinacholinda chochote. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Ganda la waya lililochakaa kwa joto na chumvi ya pwani hupasuka, na dari ya mbao huwa kuni.

Kosa hilo hilo hufanywa hata na baadhi ya wanaodhani wanaboresha. Wananunua mein swichi mpya yenye sakiti breka kubwa na kuiunganisha na nyaya zile zile nyembamba za zamani. Breka ya ampea 32 juu ya waya wa milimita za mraba 1.5 ni hatari iliyovishwa nguo mpya. Breka huchaguliwa kwa kuutazama waya inaoulinda, si kwa kutazama vifaa ambavyo mwenye nyumba anatamani kuviwasha.

Tena pana suala la waya wa ardhini, yaani athi. Wengine husema, “Nyumba yangu ina athi, sihitaji zaidi.” Tuseme fimbo ya athi iliyokula kutu ina ukinzani wa omu 20. Jokofu likipata hitilafu na bodi lake kushika umeme, mkondo utakaoshuka ardhini ni ampea 11.5 tu. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika, na bodi la jokofu litabaki na umeme likimngojea mtoto anayefuata maji ya baridi. Athi na RCD hufanya kazi pamoja: athi hutoa njia, RCD hutoa uamuzi wa haraka.

Najua pingamizi zilizopo. La kwanza ni kwamba nyumba imekaa miaka arobaini bila ajali. Sisi wa tiba tunaifahamu vyema hoja hiyo, kwa maana ni ile ile ya mgonjwa wa shinikizo la damu anayesema hajawahi kuumwa kichwa. Hatari iliyonyamaza haijaondoka.

La pili ni kwamba kifaa kipya “kinasumbua”, kinakata umeme ovyo usiku. Katika nyumba kongwe jambo hilo hutokea mara nyingi, na sababu yake ni kwamba nyaya zilikuwa zikivuja tangu zamani bila yeyote kujua. Kuking'oa kifaa kwa sababu hiyo ni sawa na kuitupa pima joto kwa kuwa imeonyesha homa. Atafutwe fundi, kila njia ipimwe, mpaka uvujaji ujulikane ulipo.

La tatu, na ndilo zito, ni fedha. Mwenye nyumba husema wapangaji ndio wameongeza vifaa, wapangaji husema nyumba si yao. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na katikati ya mabishano yao mtoto anaendelea kuligusa jokofu. Maoni yangu ni kwamba usalama wa nyaya za ndani ni wajibu wa mwenye nyumba, kama ulivyo usalama wa paa na choo. Anayepokea kodi ya chumba amekubali kwamba mtu atalala humo na kuamka. Mpangaji kwa upande wake asiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, wala asiiguse fyuzi.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa awamu. Kwanza, fundi mwenye leseni ya EWURA aipime athi, na RCD ya milliampea 30 iwekwe. Awamu hii peke yake huokoa maisha. Pili, mein swichi ya fyuzi ibadilishwe kwa yenye sakiti breka, kila breka ikilingana na waya wake. Tatu, jiko na kifaa cha kuchemshia maji vipewe njia zao zenye waya mnene. Mwisho, nyaya zote za zamani zibadilishwe. Lakiri za mita zisivunjwe na mtu yeyote. TANESCO iarifiwe ili umeme ukatwe kabla ya kazi. Na baada ya kazi, kitufe cha majaribio kilichoandikwa herufi T kibonyezwe kila baada ya miezi michache, maana kifaa kisichojaribiwa hakiaminiki.

Sekta ya afya nayo ina mambo matatu ya kufanya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia nyumbani kuuliza habari za chandarua na maji ya kunywa aongeze swali moja: je, fyuzi zenu zimefungwa kwa waya? Daktari anayempokea aliyeungua au kunaswa na umeme aandike katika jalada chanzo halisi cha ajali, kwa sababu tusichokiandika hakihesabiki, na kisichohesabika hakitengewi bajeti. Aidha, sisi tunaohubiri nishati safi ya kupikia tukubali kwamba jiko la umeme linalogawiwa katika nyumba yenye mein swichi mbovu ni dawa iliyotolewa bila kumpima mgonjwa. Ukaguzi wa nyaya uwe sehemu ya kampeni hiyo, na njia za kuwakopesha wananchi majiko ziwakopeshe pia gharama za kinga.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda ukakitazame kisanduku kilicho karibu na mlango wako. Usikifungue. Tazama tu kama kina kitufe chenye herufi T, kama kina alama ya kuungua, na kama ukutani pana joto au harufu ya plastiki. Ukikuta kitufe hakipo, au dalili hizo zipo, mtafute fundi mwenye leseni wiki hii.