Mwache mgeni aingie

JICHO LA SEBULENI
Na Zuhura Mhando

Mama alipokuja kutoka Tanga kwa ajili ya goti lake, nilikwenda kumpokea stendi nikitegemea kile anachokuja nacho siku zote: machungwa ya Muheza na samaki wa kukaanga. Machungwa yalikuwepo. Samaki hawakuwepo. Badala yao, ndani ya furushi la kanga, zilikuwamo DVD thelathini na kitu, amezifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. "Nasikia mmenunua televisheni kubwa," akasema. "Haiwezekani nije tukae tunatazamana."

Shida ya kwanza ikawa deki. Mtaani kwetu Tabata kila mtu alikuwa nayo, na ghafla hakuna aliye nayo. Nilizunguka nusu siku, mwisho nikaazimwa na kinyozi, kwa sharti kwamba nisiiweke juu ya kitu chenye joto kwa sababu "huyu mzee ana presha". Tukaichomeka Jumamosi jioni, mvua inanyesha, na mama akachagua picha ya kwanza mwenyewe.

Karibu zote ni Bongo Movie za miaka ile ya waigizaji Kanumba na Ray. Wanaonisoma siku nyingi wanajua msimamo wangu juu ya picha hizo. Nimeziandikia maneno makali hapahapa, na sikuwa peke yangu, maana kuzicheka ulikuwa mchezo wa mjini. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anatoka, anafungua ubavu mmoja wa geti, kisha wa pili. Gari linaingia. Mgeni anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha hodi, anakaribishwa, anaulizwa atakunywa nini, anasema maji, maji yanaletwa. Ndipo anaeleza kilichomleta, na cha kwanza anachosema ni kwamba hana muda wa kukaa. Safari hii nilipima kwa saa ya ukutani. Kutoka honi hadi glasi ya maji, dakika nne kasoro kidogo.

Nikamgeukia mama nipate mwenza wa kucheka. Mama hakuwa anaangalia. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, ameinamisha kichwa, vidole vinatafuta mawe. Honi ilipolia hakuinua uso. Geti lilipofunguliwa hakuinua uso. Glasi ilipogonga meza ndipo akatazama, na mgeni naye akafungua mdomo papo hapo. Mama hakukosa hata neno. Mambo yalipoisha pale sebuleni kwao, mgeni akaanza kuaga, na mama akarudi kwenye mchele wake.

Mwanangu wa kidato cha pili, ambaye muvi zake huziangalia kwenye simu, tena kwa kuongeza mwendo ili ziishe upesi, akanyoosha mkono achukue rimoti asogeze mbele. Bibi yake akamzuia. "Mwache mgeni aingie. Anakimbizwa na nani?"

Nimelala na swali hilo siku kadhaa, na leo nataka kufuta nusu ya niliyoyaandika.

Tulikuwa tunazipima picha zile kwa kipimo cha jumba la sinema, na hazikushonwa kwa mwili huo. Mama anayajua majumba ya sinema kuliko mimi. Ujana wake aliuangalia Majestic ya Tanga, na Sholay, iliyotoka mwaka 1975, anaisimulia kama mtu anayesimulia harusi yake. Picha ile inazidi saa tatu na anaapa hakutoka hata kwenda msalani. Mpaka leo, Amitabh Bachchan akitoa tu ile sarafu mfukoni, mama machozi yanamtoka, kwa sababu yeye anajua tangu mwanzo kwamba sarafu ina sura moja pande zote mbili, na rafiki wa Amitabh atakuja kulijua hilo kwa kuchelewa. Lakini pale Majestic mama alikuwa amelipa, amekaa, giza limeingia, mikono yake haina kazi. Mwanamke wa aina ya mama huwa na mikono isiyo na kazi mara ngapi kwa wiki?

Nyumbani ni mahali pengine kabisa. Huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na chao, tena cha rangi, tangu 1973. Kwa hiyo nyumba nyingi za bara zilizojaliwa zilinunua televisheni kwa sababu ya deki. Bila kanda, ulikuwa unaangalia chenga. Picha ikawa ni kitu kinacholetwa nyumbani kama mgeni, kinamkuta mama mwenye nyumba anapiga pasi, mtoto analia, jirani amekuja kuomba chumvi na hataki kuondoka.

Aliyelielewa hilo mapema kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Lufufu. Vijana wa leo wamezoea picha zilizotafsiriwa na ma-DJ, na ndugu zetu wa Kenya wana DJ Afro wao, lakini sisi wa kanda tunamkumbuka Lufufu, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akisimulia picha za Kizungu, za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo tukio linapotokea. Sikumwamini sana katika tafsiri. Kuna mahali watu wawili kwenye kioo walikuwa wamefunga midomo na yeye bado anatueleza wanachoambiana. Ila picha ya Lufufu uliweza kuifuata ukiwa jikoni unakaanga vitunguu. Alimjua anayemsimulia: mtu ambaye macho yake yana shughuli nyingine. Nikipewa leo nichague kati yake na maandishi ya chini ya kioo, ambayo yanadai nisipepese macho saa mbili nzima, namchukua Lufufu, pamoja na uongo wake.

Na nyumbani kuna kitufe cha kusimamisha. Neria tuliiangalia kwa shangazi, enzi za kanda, sebule imejaa wanawake wa mtaa mzima. Ni picha ya Zimbabwe ya mwaka 1993, aliyoiongoza Godwin Mawuru. Mume anafariki, shemeji anakuja kuzoa mali, mjane anakwenda mahakamani. Oliver Mtukudzi, mwanamuziki mwenyewe, anaigiza kaka yake Neria. Wanazungumza Kiingereza, na mle ndani waliokijua walikuwa wawili, mmojawapo akiwa mimi wa darasani tu. Haikuwa shida. Shemeji alipoanza kuchukua vitu, mama mmoja alisimama akasema, "Simamisha hapo." Ikasimamishwa. Akaeleza yaliyompata yeye kule kwao, na nani alichukua kitanda na nani cherehani, na kwa nini hakwenda mahakamani. Mwingine akaongeza ya kwake. Picha ya saa moja na nusu au zaidi kidogo tuliimaliza usiku wa manane, na nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuangaliwa. Kuiangalia Neria bila kuisimamisha ni kumkatiza mtu anayetoa ushahidi.

Sebule ina dhambi zake pia, sikatai. Titanic ni ya saa tatu na robo, na kwenye kanda ilikuja mbili. Mtaani kwetu kanda hizo zilizunguka nyumba kwa nyumba kwa zamu ambayo hakuna aliyeipanga, na sisi ikatufikia ya pili kwanza. Nikaona meli inazama, watu wanaganda majini, msichana anaachia mkono wa mvulana, nami sijui ni akina nani. Siku nne baadaye kanda ya kwanza ikaja, nikawaona wanakutana, wanacheka, na nililia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo waliokuwa wakiiangalia kwa utaratibu hawakulielewa. Halafu pale msichana anapochorwa, baba mdogo alinyanyuka bila kusema neno, akasimama mbele ya televisheni na kanga aliyoitandaza kwa mikono miwili mpaka muziki ulipobadilika. Ile sehemu niliiona nikiwa mtu mzima. Haikuwa kubwa kama mgongo wa baba mdogo ulivyonifanya niamini.

Basi nikirudi kwa Kanumba na wenzake. Wengi wao walitokea kwenye maigizo ya kundi la Kaole kwenye kituo cha ITV, yaani walijifunzia kazi ndani ya sebule za watu, jioni, wakati wa chakula. Walijua hadhira yao imeshika nini mkononi. Ule mwendo wa pole tulioucheka, zile salamu zinazorudiwa, yule mtu anayeongea peke yake barabarani akituambia anachofikiria, vyote ni nafasi aliyoachiwa mtazamaji aende akaangalie maharage na kurudi. Sisemi walikaa kikao wakakubaliana hivyo. Nasema ilifanya kazi, na tuliodhani hawajui kazi, mimi nikiwemo, hatukuwahi kumtazama anayetazama.

Jambo jingine limenishika safari hii. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Nilipokuwa naziangalia picha zake wakati ule nilimwona bwana mkubwa: mume mwenye nyumba, mwenye kampuni, mwenye siri. Sasa nimemzidi umri kwa mbali, na ninachokiona ni kijana mdogo ndani ya koti, anajitahidi kukunja uso kama wanaume wa umri wa baba yake. Na bado anakufanya umwamini. Anapolia, analia na pua. Mama anasema huyo ndiye aliyekuwa anajua kulia, waliobaki wanajifuta macho makavu.

Nusu ninayoibakiza ya maneno yangu ya zamani ni hii. Sauti zile hazina utetezi. Unaisikia jenereta kuliko mke anayeachwa. Upepo unaingia kwenye maikrofoni wakati wa kuomba msamaha. Muziki uleule wa kinanda unapigwa kwenye msiba na kwenye uchumba. Kama hadhira yako inasikiliza zaidi ya inavyotazama, sauti ndiyo ungeilipia kwanza. Majina ya Kiingereza juu ya picha za Kiswahili nayo sijayasamehe. Na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili! Hadithi moja, inakatwa katikati ya ugomvi, unauziwa mara mbili. Wapo walioniambia wakati ule kwamba msambazaji ndiye anayetaka hivyo, kwa sababu diski mbili ni bei mbili. Sawa, lakini Wahindi nao wana mapumziko katikati, na tiketi ni ileile.

Jumapili nikajaribu kinyume chake. Nikaweka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya mwaka 2021 iliyokwenda mpaka tamasha la Toronto, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Kwangu ndiyo picha nzuri kuliko zote zilizotengenezwa nchini nilizowahi kuziona. Mwanga wa Unguja unaingia dirishani ukiwa na vumbi lake. Watu wanazungumza Kiswahili cha Zanzibar bila kukisafishia sauti kwa ajili yetu. Yasmin anakimbia ndoa aliyopangiwa, na mwenye ndoto ya uhuru, Denge, anaingia maishani mwake. Siti Amina, aliyecheza Mwajuma, ameiiba picha, na mwenye picha asidai. Denge tu ndiye aliyenipoza, kwa kuwa wa kitabuni alikuwa na utani zaidi.

Sebuleni kwangu ilikufa. Shivji haelezi jambo mara mbili, na mara nyingine halielezi hata mara moja. Analionesha kwa uso, kwa mlango, kwa mkono juu ya meza, kisha anaondoka. Mama alikuwa na mchicha. Kila alipoinua kichwa aliuliza, "Huyu ndiye nani?" na nilipokuwa namjibu, mimi mwenyewe nikawa nimepitwa. Baada ya nusu saa akasema picha ni nzuri ila ina haraka. Ina haraka! Wakosoaji wangeshangaa, maana hiyo ni picha ya dakika tisini na kitu ambayo muda mwingi watu wamekaa kimya. Lakini nilimwelewa. Niliirudia usiku peke yangu, taa nimezima, simu nimeiacha jikoni, na ilikuwa kama kuona picha nyingine. Hiyo inataka jumba, viti vinavyotazama upande mmoja, na mchicha ubaki nyumbani.

Jumatatu tukarudi kwa Kanumba. Picha yenyewe sitaitaja, maana nusu yake sijaiona. Diski ya kwanza ilikatika mahali mke ameshika barua na mume anaingia, na ndani ya kasha la sehemu ya pili mkawa mna diski ya harusi ya mtu wa Korogwe. Mama akatumalizia mwenyewe, kwa sauti mbili, ya mume na ya mke. Juzi nikamwomba arudie ile barua ilikuwa ya nani, na safari hii aliyekufa mara ya kwanza yuko hai.

Mdogo wangu aliyebaki Tanga anasema sehemu ya pili anayo na ameikabidhi kwa kondakta wa basi la Ijumaa. Kinyozi amekubali tukae na deki mpaka Jumapili. Nimeshamwambia dada anayetusaidia kazi kwamba mchele wa Jumamosi usichambuliwe, uachwe kwenye ungo kama ulivyo.