Yale Ambayo Noti Hazikuyaandika

Muziki wa baroki, yaani muziki wa Ulaya uliotungwa takriban kati ya mwaka 1600 na 1750 na watunzi kama Monteverdi, Vivaldi na Bach, haukufifia kwa kukosa maandishi, kwa kuwa karatasi zake nyingi zilihifadhiwa makanisani na katika maktaba. Kilichofifia ni ujuzi wa kuzisoma. Mtunzi wa zama hizo aliwaandikia watu waliofanya kazi pamoja naye, ambao walifahamu bila kuelezwa ni wapi sauti ipambwe na ni wapi ikatwe, na mara nyingi katika sehemu ya besi aliweka mstari mmoja tu wenye tarakimu, akimwachia mpiga kinanda ajaze mwenyewe sauti za katikati. Karne ya 19 ilizipokea karatasi hizo kana kwamba zilikuwa zimekwisha kusema yote, ikazikabidhi kwa okestra kubwa na kwaya zenye watu wengi mno, na matokeo yake yakawa muziki mzito ambao hata wenyewe walioutunga wasingeutambua kwa urahisi.

Nikolaus Harnoncourt, aliyezaliwa Berlin mwaka 1929 na kukulia Graz, nchini Austria, alikuwa mpiga selo katika Okestra ya Simfonia ya Vienna tangu 1952 hadi 1969, na mwaka 1953, pamoja na mkewe Alice, mpiga violini, alianzisha kundi la Concentus Musicus Wien. Kundi hilo lilifanya mazoezi kwa miaka kadhaa kabla ya kujitokeza hadharani, likitafuta ala za kale, likirudisha nyuzi za utumbo wa wanyama mahali pa nyuzi za chuma, na likisoma vitabu ambavyo walimu wa karne ya 18 waliwaandikia wanafunzi wao kuhusu namna ya kupiga. Kuanzia 1971 hadi mwisho wa miaka ya 1980, Harnoncourt na Mholanzi Gustav Leonhardt waligawana kazi ya kurekodi kantata za kanisani za Bach, yaani nyimbo ndefu za ibada zenye waimbaji na ala, ambazo zinakaribia 200, na nyingi za sehemu za sauti za juu wakawapa wavulana, kama ilivyokuwa desturi huko Leipzig, alikofanya kazi Bach. Wapo waliomlaumu kwamba anataka kuugeuza muziki uwe jumba la makumbusho, lakini lawama hiyo haikumfaa, kwa sababu katika maandishi yake alisisitiza kwamba msikilizaji ni mtu wa leo na kwamba muziki wa kale una haki ya kuwepo pale tu unaposema naye.

Toleo hili la makala za muziki linatoka Kakontwe, katika mji wa Likasi, na msomaji ana haki ya kuuliza jambo hilo la Vienna linaihusu nini Katanga, eneo letu la kusini mwa Kongo. Jibu liko kwenye njia ya reli inayotoka Likasi kupitia Tenke hadi Kamina. Huko, mwezi Septemba 1953, mwaka uleule wa Concentus Musicus, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alichukua uongozi wa shule kuu, na baada ya miezi michache akaanzisha kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyokuwa na wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14 na walimu wapatao 15. Ndani ya kwaya hiyo ilizaliwa Missa Luba, misa yenye maneno ya Kilatini na uimbaji wa mtindo wa Kongo, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza kwenye ibada katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958, miaka mitano na zaidi kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujautambua rasmi muziki wa mataifa katika liturujia. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikaimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels na hata pamoja na Kwaya ya Wavulana wa Vienna, ambayo baadaye ilikuja kuimba katika rekodi za Harnoncourt mwenyewe.

Hoja ya toleo hili ni kwamba Missa Luba imepatwa na yaleyale yaliyoupata muziki wa Bach, na kwa kasi kubwa zaidi. Waimbaji wa Kamina hawakusoma noti. Waliifinyanga misa hiyo kwa pamoja, kwa kubuni na kuitikiana, Kyrie ikifuata mtindo wa kasala, yaani wimbo wa Waluba wa kuomboleza na kusifu, na Hosanna ikifuata mdundo wa ngoma ya Kasai. Maana yake ni kwamba santuri ambayo kampuni ya Philips iliitoa ya misa hiyo ilinasa uimbaji mmoja tu, ambao siku nyingine ungeweza kuwa na urefu na mapambo tofauti. Baadaye uimbaji huo uliandikwa kwa noti, ukachapishwa, na kwaya za ng'ambo zikauimba kama zilivyoandikiwa, neno kwa neno na pigo kwa pigo, kana kwamba kilichotokea siku ile ndiyo misa yenyewe. Sanctus ilipotumika katika filamu ya Kiingereza If.... mwaka 1968, iliwafikia watu wengi sana ambao hawakuwa na njia ya kujua kwamba wanasikia nusu ya jambo. Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya mwaka 1990, na rekodi hiyo inastahili kusikilizwa sambamba na ile ya kwanza, kwa kuwa waimbaji wake walitoka katika utamaduni ambao nao unajua kuanzisha, kuitikia na kuongeza.

Hapa ndipo njia ya Harnoncourt inapofaa, na inafaa kwa sharti kwamba isichukuliwe kama kuiga Ulaya. Yeye alilazimika kuvitegemea vitabu kwa sababu wote waliopiga pamoja na Bach walikuwa wamekwisha kufa zamani sana. Katanga ingali na watu. Mvulana aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 leo amepita 70, na wale waliokuwa na 14 wamezeeka zaidi, lakini swali aliloliuliza Harnoncourt kwa karatasi linaweza bado kuulizwa kwa mdomo: nani alianzisha na kwa ishara gani, mpiga ngoma alimfuata mwimbaji au mwimbaji alimfuata yeye, Joachim Ngoi, mwimbaji mkuu wa rekodi ile, alikuwa huru kiasi gani kubadili mstari wake, na ni mambo gani waimbaji waliyaacha walipoirekodi kwa sababu ya muda wa santuri. Maswali hayohayo yanazihusu kazi za Joseph Kiwele, mtunzi na mpiga kinanda wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, aliyefariki mwaka 1961, na yanazihusu kwaya za parokia za Likasi, ambazo mara nyingi hurithishana nyimbo kwa sikio na kwa hiyo zinabeba ujuzi ambao hakuna karatasi inayoutunza.

Jina la Haazen linaheshimiwa katika kurasa zinazofuata, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa kwaya mwenye sikio jema, aliyewaamini wanafunzi wake wakati serikali na kanisa la kikoloni vilikuwa bado vinauona mdundo wa ngoma altareni kuwa jambo la kutilia shaka. Hata hivyo, jina lake pekee halitoshi kwenye jalada la kazi iliyobuniwa na watu wapatao 60, na kila mwandishi wa toleo hili ameombwa kuwataja walioimba popote kumbukumbu zilizo wazi kwa umma zinaporuhusu. Makala ya kwanza inaanza na Kyrie, kwa sababu ndani ya kasala mwombolezaji hupewa nafasi ya kuamua mwenyewe pumzi yake itakwisha wapi, na uamuzi huo ni vigumu kuuandika kwa noti.