Waraka wa chuo kwa wafanyakazi usifiche hali ya fedha

Na Jerono Kimaiyo, Kaptagat

Chuo kikuu huendeshwa kwa maandishi kwa kiasi kilekile kinavyoendeshwa kwa fedha, kwa kuwa mhadhiri hapandishwi cheo, mlinzi hahamishwi lango na mpishi hapewi likizo bila kuwepo barua inayobainisha ni nani aliyeamua, lini na kwa mamlaka gani. Waraka, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni taarifa rasmi ambayo uongozi wa chuo huwapelekea wafanyakazi wote au kundi fulani miongoni mwao, iwe imebandikwa ubaoni, imetumwa kwa baruapepe au imesomwa na mkuu wa idara. Katika ukanda huu wa Kaptagat, Kesses na mji wa Eldoret, ambako maelfu ya familia hutegemea ajira za vyuo vya umma, wakati umefika wa kuuchukulia waraka huo kuwa haki ya mfanyakazi, na kudai kwamba kila mwezi utangulize jambo ambalo uongozi huona uzito kulitamka, yaani hali halisi ya fedha za chuo.

Historia ya Chuo Kikuu cha Moi inaonyesha jinsi hitaji hilo lilivyokua. Mwaka 1981 kamati iliyoongozwa na Colin Mackay, msomi kutoka Kanada, iliishauri serikali ianzishe chuo kikuu cha pili kitakachozingatia teknolojia na maendeleo ya mashambani, na mwaka 1984 Bunge likatunga sheria iliyokiunda. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 83, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaja kusomea taaluma yao katika eneo lisilo mbali na msitu wa Kaptagat. Jumuiya ndogo kama hiyo iliweza kuelezwa mambo yake katika mkutano mmoja chini ya naibu chansela wake wa kwanza, Profesa Douglas Odhiambo. Baadaye chuo kilipanuka kutoka kampasi kuu ya Kesses hadi mjini Eldoret, ambako masomo ya utabibu hufundishwa karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, huku kampasi ya Chepkoilel ikijitenga na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Taasisi iliyotawanyika namna hiyo haiwezi tena kutegemea habari za kupashana ukumbini, kwa sababu mfanyakazi wa mjini na mwenzake wa Kesses huishia kusikia mambo mawili tofauti kuhusu mshahara uleule.

Upanuzi huo uliegemea vyanzo viwili vya mapato: mgao wa serikali, yaani fedha ambazo Hazina ya Taifa huvitengea vyuo vya umma katika bajeti ya kila mwaka, na karo ya wanafunzi, hasa wale waliojilipia wenyewe katika mpango uliojulikana kama masomo sambamba. Chanzo hicho cha pili kilitikisika ghafla baada ya mwaka 2016, pale udhibiti mkali wa mtihani wa kidato cha nne ulipopunguza idadi ya waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kigezo cha kujiunga na chuo kikuu, kutoka zaidi ya 169,000 mwaka 2015 hadi chini ya 89,000 mwaka uliofuata, ilhali serikali ilianza kuwapa nafasi za ufadhili wote waliofikia kigezo hicho. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya wa ufadhili, ambao humgawia mwanafunzi msaada na mkopo kulingana na uwezo wa familia yake, nao ukatangazwa na Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu kuwa unakiuka Katiba mnamo Desemba 2024, kabla ya Mahakama ya Rufaa kusimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Kila mojawapo ya mabadiliko hayo liligusa moja kwa moja uwezo wa chuo kulipa mishahara, na kwa hiyo kila moja lilistahili kuelezwa wafanyakazi kwa lugha nyepesi na kwa takwimu.

Matokeo ya mambo kutoelezwa, au kuelezwa yakiwa yamekwisha kuharibika, yalionekana wazi Kesses mwaka 2024. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba mwaka huo ulimalizwa kitaifa baada ya siku chache, lakini katika Chuo Kikuu cha Moi uliendelea kwa karibu miezi mitatu kutokana na malalamiko ya humohumo chuoni, wanafunzi wakarudishwa nyumbani na kalenda ya masomo ikavurugika. Miongoni mwa malalamiko ya vyama vya wafanyakazi yalikuwa mishahara iliyocheleweshwa na makato yasiyowasilishwa, yaani fedha zilizoondolewa katika mshahara kwa ajili ya pensheni, mikopo au akiba ya sacco, lakini zisifike kulikokusudiwa. Mwaka 2025 mgomo mwingine wa kitaifa ulidumu siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, kuhusu malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 yaliyotokana na mkataba wa makubaliano wa mwaka 2017 hadi 2021, ukamalizika kwa ahadi ya kulipa kwa awamu mbili. Uganda nayo imepitia njia hiyo: Novemba 2016 Rais Yoweri Museveni aliamuru Chuo Kikuu cha Makerere kifungwe baada ya wahadhiri kugoma wakidai malimbikizo ya posho zao.

Haitakuwa haki kusema kwamba waraka ulioandikwa vizuri ungelipa madeni hayo, kwa maana karatasi haizai fedha. Hata hivyo, upungufu wa fedha na upungufu wa taarifa ni maradhi mawili tofauti, na ya pili huyazidisha ya kwanza. Mfanyakazi anayeambiwa mapema kwamba makato ya sacco yatachelewa kwa mwezi mmoja anaweza kwenda kwenye sacco yake na kuomba muda, lakini anayegundua baada ya miezi mingi, wakati mkopo wake umeanza kuhesabiwa kuwa haujalipwa na wadhamini wake wamekwisha kudaiwa, huwa amepoteza akiba, heshima na imani kwa mwajiri kwa mpigo mmoja. Hasara hiyo husambaa nje ya lango la chuo, kwa sababu mshahara huohuo ndio unaomlipa mwenye nyumba wa Kesses, muuza maziwa wa Kaptagat na mwenye duka wa Cheptiret. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taasisi inayoficha hali yake ya fedha huumbuliwa na mgomo.

Sheria za Kenya zimekwisha kuuweka msingi unaohitajika. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma itangaze mambo muhimu yanayoihusu bila kungoja kuombwa, na inapoombwa itoe uamuzi ndani ya siku 21. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamtaka mwajiri aliyekata fedha kwenye mshahara azifikishe zinakostahili kwa wakati. Kifungu cha 20 kinamtaka ampe mfanyakazi hati ya mshahara, yaani maelezo ya maandishi yanayoonyesha mshahara kamili na kila kato lililofanywa. Na kifungu cha 40 kinamtaka atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba kabla ya kupunguza wafanyakazi kwa sababu nafasi zao hazihitajiki tena. Kwa hiyo uongozi unaowaeleza wafanyakazi ukweli hauwafanyii hisani, bali unatimiza wajibu.

Waraka wa kila mwezi unaopendekezwa hapa unaweza kutosha katika kurasa mbili. Ueleze mgao uliopokewa kutoka Hazina na karo iliyokusanywa. Ueleze ni makato gani yamewasilishwa, yapi bado, na tarehe inayolengwa ya kuyakamilisha. Utaje uamuzi wa baraza la chuo, ambalo ndilo chombo cha juu cha kusimamia mali na ajira, pamoja na uamuzi wa seneti, inayosimamia masomo na mitihani. Na utaje afisa ambaye mfanyakazi anaweza kumwuliza swali na muda ambao jibu litatolewa. Habari za vyeo, uteuzi, misiba na pongezi zibaki, kwa kuwa hizo pia huunganisha jumuiya, ila zisitumiwe kujaza nafasi ya mambo mazito.

Wapo wasimamizi wanaohofu kwamba kutangaza upungufu kutawatia wadai wasiwasi na kuwapa viongozi wa vyama silaha. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina nguvu, kwa sababu hesabu za vyuo vya umma hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali na ripoti zake hufikishwa Bungeni, ambako wanahabari huzisoma. Mfanyakazi hatakosa kujua. Tofauti ni kwamba atajua kupitia gazeti au uvumi wa WhatsApp badala ya kuelezwa na mwajiri wake. Hata kiongozi wa chama huwa mwepesi wa kujadiliana pale pande zote mbili zinapoangalia takwimu moja.

Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini nyaraka nyingi za vyuo huandikwa kwa Kiingereza pekee, kana kwamba chuo kina wahadhiri na makarani tu. Mlinzi, dereva, mpishi, mfagiaji na mtunza bustani ni wafanyakazi wenye makato yaleyale na wasiwasi uleule, na waraka usiowafikia katika lugha wanayofanyia kazi huwalazimisha kutegemea tafsiri ya mtu mwingine. Vyuo hivi vina wataalamu wa Kiswahili wa kutosha kuifanya kazi hiyo ndani ya siku moja.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Waraka unapotolewa wausome, wahifadhi hati zao za mshahara na kuzilinganisha na taarifa za sacco na pensheni, na waulize kwa maandishi wanapoona tofauti, kwani haki isiyodaiwa hudhoofika hata ikiwa imeandikwa katika sheria. Baraza la Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na mabaraza ya vyuo vingine vya umma vya ukanda huu, liazimie kwamba waraka wa hali ya fedha utolewe kila mwezi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukiwa na tarehe na sahihi ya anayewajibika. Hatua hiyo haingoji bajeti mpya wala sheria mpya, na uongozi unaoutaka uaminifu wa wafanyakazi wake unaweza kuianza mwisho wa mwezi huu.