HAKI INAYONGOJA KUOMBWA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya wazee waliostaafu wenye kipato haba, na juu yetu sisi makarani tuketio nyuma ya meza tukiwangoja. Wako wenzetu wasemao, "Mwenye haki na aje aidai; asiyedai hana shida." Neno hili limezoewa mno maofisini. Mimi naliona kuwa ni neno baya, nami nataka kulipinga.

Nitatwaa mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa miaka mingi na hesabu zake zi wazi. Mzee ambaye pensheni yake haimtoshi hujaziwa na Serikali hata afikie kiwango kilichowekwa. Katika mwaka wa fedha 2025/26 kiwango hicho kilikuwa pauni 227.10 kwa juma kwa mtu aliye peke yake, na pauni 346.60 kwa mume na mke. Posho hiyo huitwa Pension Credit, nayo hufungua milango mingine, kama msaada wa kodi ya nyumba. Ni jambo jema, wala silikatai.

Lakini posho hiyo haiji yenyewe, sharti iombwe. Na kwa makadirio ya Serikali yenyewe ya mwaka 2022/23, karibu theluthi moja ya waliostahili hawakuipata, yaani hadi kaya 760,000. Je, hao wote hawakuwa na shida?

Tuitazame historia. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kumpa mzee wa miaka 70 mwenye kipato kidogo hata shilingi 5 kwa juma. Alizipokea posta, asiende kwa wasimamizi wa maskini, kwa maana nyumba za maskini ziliogopwa kuliko njaa. Mwaka 1948 sheria ya zamani ya maskini ikafutwa, ukaja msaada mpya. Wazee wengi wakauonea haya. Mwaka 1966 ukapewa jina jipya ili haya ziondoke. Mwaka 1988 jina jingine, mwaka 1999 jingine, na mwaka 2003 hili la sasa. Jina limebadilishwa mara nne, na mzee angali amekaa nyumbani na haki yake ingali ofisini. Ugonjwa haukuwa katika jina. Ugonjwa ni kumtaka mtu aliyefanya kazi maisha yake yote asimame mbele ya kijana na kusema, "Mimi ni maskini."

Watajibu kwamba fedha za umma zahitaji kulindwa, asije akapewa asiyestahili. Ni kweli zilindwe. Lakini tarehe ya kuzaliwa ya mzee, pensheni yake na kodi aliyolipa, vyote vimo katika daftari za Serikali. Nani aweza zaidi kufanya hesabu: ofisi yenye makarani maelfu, au mjane mwenye miwani iliyopasuka?

Tena Serikali hiyo yenyewe imetuonyesha kuwa yawezekana. Julai 2024 ilitangaza kwamba, katika Uingereza na Wales, posho ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi wataipata wale tu wenye Pension Credit au misaada ya namna hiyo. Basi aliyekuwa hakujaza karatasi moja akakosa mambo mawili. Makelele yakawa makubwa, na mwaka 2025 shauri likageuzwa: wazee walipwe kwanza, kisha mwenye kipato kinachozidi pauni 35,000 kwa mwaka arudishe kwa njia ya kodi. Kumbe hesabu yaweza kuja baada ya malipo! Iliyowezekana kwa posho ya baridi, kwa nini isiwezekane kwa posho ya chakula?

Na hapa kwetu, Zanzibar ilipoanza kuwalipa wazee wake Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, haikumwuliza mzee ana mali gani. Ilimwuliza kama ametimiza miaka 70 na kama ni mkaazi. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini hakuna aliyezipokea akiinamisha kichwa.

Sasa nitasema letu. Mwaka jana mzee mmoja, tarishi mstaafu, aliingia katika ofisi moja kuuliza habari ya malipo yake. Karani akamwuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mzee, umekuja kuomba nini tena?" Mzee akatazama chini, akasema, "Nimepita kuwasalimu tu, wanangu," akaenda zake. Mimi nilikuwa meza ya pili, nami sikunena neno. Naandika haya kwa sababu ya kunyamaza kule.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, mwanachama mwenye jamaa mzee huko Uingereza amwandikie asikate tamaa: akiba isiyozidi pauni 10,000 haihesabiwi, na ombi laweza kulipwa kwa kurudi nyuma hata miezi 3, maadam alistahili wakati huo. Pili, Chama chetu kidai kwamba kila ofisi ilipayo wastaafu ipitie daftari zake yenyewe, imwandikie mzee haki yake kabla hajaja. Na hata hilo litakapokubaliwa, kila mmoja wetu na ainuke kitini, ampe mzee kiti, amjazie karatasi kwa sauti ya chini.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema ampigieni magoti kwanza. Leo sisi tu nyuma ya meza. Kesho tutakuwa mbele yake.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi,

Karani wa Meza ya Pili