Uko Chennai kwa matibabu? Mkumbuke na mtoto asiyeumwa

Wazazi wengi wa hapa kwetu tunaifahamu Chennai kwa sababu moja tu: hospitali. Unafika India na mtoto mgonjwa, mnaanza vipimo, majibu, vipimo tena. Kama ulilazimika kusafiri pia na mtoto mzima kwa kuwa hukuwa na wa kumwachia, huyo ndiye anayesahaulika. Anashinda kwenye benchi la korido akiambiwa "subiri kidogo".

Ushauri wangu wiki hii ni kwa ajili yake. Mgonjwa akiwa na mtu wa kubaki naye, mchukue huyu mwingine Jumamosi moja mwende Kanchipuram, kama kilometa 75 kutoka Chennai. Ni mji wa mahekalu ya Kihindu, na zaidi ya miaka 1,200 iliyopita ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava. Tokeni alfajiri. Mahekalu mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, na mawe ya uani saa sita mchana yanaunguza nyayo. Viatu vinaachwa nje, kwa hiyo bebeni soksi.

Anzeni na Kailasanathar, hekalu la mawe ya mchanga lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 8. Pana utulivu. Ua wake umezungukwa na vijihekalu 58, na kuna simba wa mawe waliosimama kwa miguu ya nyuma. Binti yangu wa miaka minane alivihesabu vijihekalu hivyo mara mbili, akapata 56, kisha 61.

Ekambareswarar ni habari nyingine. Mnara wa lango lake unakaribia mita 60, ndani kuna umati, kengele, maua na harufu ya kafuri. Asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa. Mweleze mtoto mapema, asije akadhani amefukuzwa. Mwambie pia asicheke sanamu wala kuzinyooshea kidole. Watoto hurudia wanayotusikia tukisema, na yapo maneno watu huyatoa wakipita mbele ya mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, ambayo usingependa mwanao ayatamke pale langoni.

Humo ndani binti yangu alimwona mama mmoja amefumba macho, mtoto begani, machozi yakimtiririka. Akaninong'oneza, "Mama, naye ana mgonjwa?" Nikamwambia huenda. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sisi tukimwombea mdogo wangu hapa, ni vibaya?"

Najua wapo wasomaji watakaosema ni vibaya. Mimi nilimwambia Mungu hatukumwacha mlangoni pamoja na viatu, aombe kimoyomoyo kama anavyoomba usiku kabla ya kulala. Akaomba. Tulipokaa kwenye kivuli cha nguzo ndipo akasema jambo ambalo kwa wiki mbili hospitalini hakulitamka: anaogopa tutarudi nyumbani bila mdogo wake. Sikumwambia "usijali", alishaambiwa hivyo na kila mtu. Nilimweleza daktari amesema nini, kipimo kipi kinasubiriwa na kwa nini, kwa lugha ya mtoto wa darasa la pili. Tulikaa pale karibu saa nzima.

Mchana mtafute idli ya Kanchipuram, yenye tangawizi na pilipili manga. Asiyeweza ukali apewe wali wa mtindi. Mji huu unasifika pia kwa sari za hariri, na pindo la nyingine hufumwa kwa uzi wa rangi tofauti na kuunganishwa na kitambaa palepale kwenye mtambo. Dereva wa bajaji anaweza kuwapeleka dukani hata kama hamkuomba, hivyo semeni mapema mnataka kumwona mtu akifuma, si kununua.

Rudini kabla ya giza, mgonjwa naye anasubiri habari. Wa kwetu aliambiwa vijihekalu ni 61, na dada yake hakukubali kusahihishwa.