Wa Nchiru wanatafuna, wa UoN wanarusha mawe: Nani aliwahesabu?

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unasomea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kisha uhesabu hadi tatu. Kabla hujamaliza atakuwa ameshauliza kama umemletea za Kangeta. Mwingine atataka kujua kama huko kuna stima. Wa tatu, ambaye hajawahi kuvuka Thika, atakuonya usimkasirishe Mmeru, eti panga haiko mbali.

Kila chuo nchini kina mzigo wake wa aina hii. Wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni mawe na vitoza machozi. Wa KU ni raha, mitindo na sponsa. Wa JKUAT ni kompyuta na miwani, kutongoza hajui. Wa Strathmore anaongea Kiingereza cha puani na anashushwa langoni na gari la mamake. Hata Meru kwenyewe tunapangana: ukisoma KeMU pale Kaaga wewe ni mtoto wa tajiri, ukisoma Nchiru wewe ni mtoto wa HELB. Tunacheka, tunasambaza memu, tunaenda zetu.

Lakini je, ni kweli?

Jibu la haraka la watu wastaarabu ni kwamba hapana, haya yote ni uongo na chuki. Mimi sikubali. Yapo yenye chembe ya ukweli. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, Lee Jussim, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakera wenzake kwa kushikilia kwamba mambo mengi ambayo watu huamini kuhusu makundi ya watu hayako mbali sana na hali ilivyo ukipima. Nampa haki yake. Ukisema darasa la uhandisi lina wavulana wengi kuliko wasichana, hujamtusi mtu. Sharti ni hilo la kupima. Sasa niambie, ni nani alizunguka mabweni na vyumba vya kukodi vya Nchiru akiwa na daftari, akahesabu mashavu yaliyovimba?

Tuanze na hayo mashavu basi, maana ndiyo hadithi kubwa.

Nchiru iko Tigania Magharibi, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, kilomita 15 hivi kutoka mjini Meru. Ukiendelea mbele na barabara hiyo unaingia Igembe, na huko miraa ndiyo chai yao, ndiyo kahawa yao, ndiyo karo ya shule. Kila siku pikapu zilizosheheni hupita hapo zikikimbia kama zinafukuzwa, na kwa kweli zinafukuzwa na saa, kwa sababu miraa hutafunwa mbichi. Ikipita siku mbili hivi nguvu yake imekwisha, na pesa ya mkulima imekwenda nayo.

Swali la mtu wa kawaida ni hili: hizo pikapu zinakimbilia wapi? Hazikimbilii mabweni ya Nchiru. Zinaenda Eastleigh, zinaenda Mombasa, na nyingine zinapeleka mzigo uwanja wa ndege ukapandishwe ndege ya Mogadishu. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, Maua ililia. Somalia ilipofunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022, kwa miaka hiyo miwili na ushei watu wa Igembe walijua njaa inafananaje. Kama wanafunzi wa hapa ndio wangekuwa wanaimaliza miraa, nani angejali London imesema nini?

Kwa hivyo yule jamaa wa Nairobi anayekucheka, mara nyingi yeye ndiye soko. Anakuita mtafunaji huku big-G na karanga ziko mfukoni mwake.

Tuliona jambo hilohilo Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka. Wakulima wa Embu, hasa watu wa Mbeere, wakaenda kortini na amri ikasimamishwa. Sitaki kuingia katika kesi yenyewe, na wazazi wa Pwani walikuwa na uchungu wa haki juu ya watoto wao. Ninachosema ni kwamba katika mjadala ule wote sifa mbaya ilimganda anayelima, si anayenunua. Nchiru ni vivyo hivyo. Mtu akisoma karibu na shamba anahesabiwa kuwa amekula shamba.

Nisidanganye, wapo wanaotafuna. Wiki ya mitihani ukipita kwa vyumba vya nje ya chuo usiku wa manane utawakuta wamekesha, noti zimetapakaa, shavu limejaa. Dawa iliyo ndani ya miraa hufukuza usingizi, kila dereva wa lori anajua hilo. Ila komredi wa Eldoret anafanya hivyo, wa Juja anafanya hivyo, wa Mombasa anafanya hivyo. Tofauti ni kwamba wa Nchiru anaipata ikiwa mbichi zaidi na kwa bei ya jirani. Mkamhesabu yeye peke yake.

Tena kwa Wameru miraa haikuanza kama mchezo wa vijana. Kuna kitita chake maalumu kinachopelekwa ukienda kuposa, na ukienda mkono mtupu wazee watakutazama hadi ukumbuke njia ya kurudi kwenu. Makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, yako papo hapo Nchiru. Ukiwa mwanachuo huko unaishi jirani na mahakama ya kimila ya jamii nzima. Hilo halijawahi kuwa memu, sijui kwa nini. Pengine haichekeshi.

Linaloniudhi zaidi kuhusu mzaha huu ni mtu mmoja ambaye haumwoni. Yule ambaye kweli amezama, analala mchana, anakosa CAT tatu mfululizo, pesa ya chakula imegeuka vijiti. Huyo anahitaji mtu wa kumkalisha chini. Lakini akisema ana shida, wenzake wanacheka: si uko Nchiru, ulitarajia nini? Amepotelea ndani ya mzaha wetu.

Halafu kuna hii dhana kwamba mwanachuo wa Nchiru ni Mmeru. Jamani. Anayepanga wanafunzi wa vyuo vya umma ni KUCCPS, na KUCCPS haiulizi unatafuna nini. Inatazama alama na kozi uliyochagua. Ndiyo maana kwa foleni ya chakula utasikia Ekegusii, Kikamba, Dholuo na Kiswahili cha Kwale. Wengi wao waliposhuka kwa matatu mara ya kwanza ndipo walipoona mti wa miraa kwa macho yao. Mwanafunzi kutoka Lodwar anatua Septemba, na kabla ya Desemba binamu zake wanamwita Mmeru wa panga. Sasa hiyo tabia ameambukizwa na maji ya bomba?

Ile ya wasichana na masponsa nitaipita haraka, kwa sababu kila chuo kinasema ni cha chuo kingine. Nikiwa Chuka nilisikia ni wa Embu. Wa Embu wanasema ni wa Nairobi. Na kila mara mzee mwenye gari, ambaye ndiye wa kulaumiwa kwanza, hana chuo na hana jina.

Ya "chuo cha kijijini" nitaikalia kidogo, kwa sababu hiyo inakula kazi za watu. Rafiki yangu mmoja aliyesomea kompyuta huko alienda kuhojiwa na kampuni fulani jijini. Afisa akaangalia karatasi zake, akauliza, "Hii ni yuni kweli ama ni taasisi ya kilimo?" Hakuulizwa hata swali moja la kuandika programu. Alirudi nyumbani akiwa na hasira na nauli imeisha.

Hebu tukumbushane historia. Kenyatta ilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, ikasimama peke yake 1985. JKUAT nayo ikawa chuo kishiriki cha Kenyatta mwaka 1988, kabla ya kuwa chuo kikuu kamili 1994, na wakati huo Juja ilikuwa mashamba. Kisha mwaka 2008 JKUAT ikaichukua iliyokuwa Meru College of Technology kuwa chuo kishiriki chake, nayo ikapata hati yake mwaka 2013. Kwa maneno mengine Nairobi ni baba wa babu, na kila mmoja katika ukoo huu alichekwa na mkubwa wake kwamba anatoka shambani. Leo Juja ina magorofa ya wanafunzi hadi jua halionekani, na aliyesoma hapo ndiye anayemcheka wa Nchiru.

Kuwa kijijini kuna ukweli wake pia. Kupata atachimenti ukiwa mbali na ofisi kubwa za Nairobi ni kazi ngumu. Unalipa nauli, unatafuta wa kukulaza, unarudi na barua ya "tutakupigia". Hayo ni matatizo ya umbali na pesa. Hayahusiani na ubongo. Chuo hichohicho cha kijijini kina taasisi ya utafiti inayoshughulika na vyoo na maji taka, namna ya kugeuza uchafu wa binadamu kuwa kitu cha manufaa. Najua, choo hakileti sifa Instagram. Lakini taja mtaa mmoja wa Nairobi usiohitaji utafiti huo.

Sasa nifike kwa mawe.

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na haikuanzia Nchiru. Ilianzia jijini, wakati wanachuo walikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuipinga serikali hadharani. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na alifia gerezani mwaka 1988. Kizazi kile kiliitwa wakorofi. Jina likarithiwa na kila mwanachuo aliyekuja baadaye, hata asiyejua Adungosi ni nani.

Na ni kweli mawe hurushwa. Nimeona vioo vya magari ya watu wasio na kosa vikivunjwa na maduka ya akina mama yakiporwa na watu wanaojiita makomredi. Sitawatetea. Huyo mama wa kibanda anayewakopesha chapo dengu mkisubiri HELB ndiye mnayemwibia? Halafu mnarekodi, mnaweka TikTok na wimbo juu, kisha mnalalamika nchi inawaona wahuni. Sehemu ya jina hili tunajichongea wenyewe.

Lakini angalieni kazi ambayo jina hilo linaweza kufanya. Februari 27, 2018 wanafunzi wa Nchiru waliandamana wakilalamikia karo na usimamizi wa chuo. Katibu mkuu wa chama chao, Evans Njoroge, aliuawa kwa kupigwa risasi katika vurumai na polisi. Hakupigwa na jiwe lililopotea njia. Ni risasi. Nakumbuka jinsi habari ilivyopokelewa na baadhi ya watu wazima niliokuwa nao siku hizo. Hawakuuliza nani alifyatua. Waliuliza, na yeye alikuwa anatafuta nini huko? Kwao jibu lilikuwepo tayari miaka mingi kabla Njoroge hajazaliwa: mwanachuo ni mtu wa fujo, na mtu wa fujo akipigwa risasi ni bahati mbaya tu, kama mtu aliyevuka barabara bila kuangalia.

Siku chache baadaye Waziri wa Elimu wa wakati huo, Amina Mohamed, alimtuma naibu chansela wa chuo kwa likizo ya lazima. Kumbe malalamiko yalikuwa na uzito wa kutosha kumfanya waziri achukue hatua. Yalikuwa na uzito huohuo wiki moja nyuma, wakati waliokuwa wakiyasema walionekana kama wavulana na wasichana wa Nchiru wanaotafuta sababu ya kukosa darasa.

Karo bado ni kilio. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa 2023 uliwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia, na wapo waliojikuta wamewekwa na matajiri ilhali kwao ni ekari moja na ng'ombe mmoja. Mgomo ukizuka kesho katika chuo chochote, iwe Nchiru au Njoro, wahariri watakuwa na picha ya jiwe kabla ya adhuhuri. Barua ambayo wanafunzi hao waliiandika kwa usimamizi mwezi mmoja kabla, ikiwa na muhuri wa kupokelewa, itabidi mtu aende kuitafuta.